Land Rover ya mzee: kabla ya rangi, tazama chesisi

Huenda kule mashambani kwenu kuna Land Rover kuukuu iliyoegeshwa chini ya mti tangu mwenyewe alipoaga dunia. Kuku hutagia vitini, watoto huigeuza basi la kwenda Mombasa, na kila Krismasi ndugu wakikutana hakosi mmoja wa kusema, "Hili gari la mzee tulifufue." Mwaka huu umeamua ni wewe. Umenunua seti ya spana na tayari unawaza ni kijani gani utakacholipaka. Hebu rangi iweke kando kwanza.

Gari hili lina hila moja ambayo imewatia wengi hasara. Lilipoonyeshwa hadharani mara ya kwanza jijini Amsterdam mwaka wa 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza kwa sababu ya Vita Vikuu vya Pili, na kwa hivyo bodi yake ikaundwa kwa aloi ya alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu. Ndiyo maana Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, yaweza kunyeshewa miaka na mikaka na bado ukiitazama ukadhani ni nzima. Lakini chini ya bodi hiyo kuna chesisi, na chesisi ni chuma. Ni mabamba yenye unene wa takriban milimita 2 yaliyochomelewa kingo kwa kingo, yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na tope huingia humo, tope likaziba vitundu vya kutokea maji, na chuma kikaanza kuliwa kutoka ndani. Ukiiona kutu kwa nje, ujue ndani ilianza kitambo. Wenzetu wa Pwani wana chumvi ya bahari juu ya hayo yote.

Na chesisi ndiyo inayobeba injini, springi, bodi na watoto wako. Ikikatika pale springi inaposhikiliwa, ukiwa barabarani, usukani hautakusaidia chochote.

Kwa hivyo kabla hujafungua hata nati moja, chukua nyundo ndogo na bisibisi nene, uingie chini yake asubuhi nzima. Gari likiwa limeinuliwa, liweke juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja, na yale mawe ya kujengea ambayo wengi hupenda kuyapachika hupasuka bila kutoa taarifa. Gonga chesisi kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia "ngo!", kilichooza hutoa sauti ya kopo lililojaa udongo. Penye mashaka, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikiingia, hapo hakuna chuma tena. Boriti ya nyuma kabisa, pale trela hufungwa, ndiyo huoza mapema, halafu mikono ile inayochomoza kando kushika bodi, halafu mahali springi zinaposhikiliwa. Sehemu iliyo chini ya injini aghalabu utaikuta salama, maanake Land Rover huvuja oili tangu ujana wake na oili hiyo huilinda. Sijui kasoro nyingine ya gari yenye faida kama hiyo.

Sasa uamuzi, na usiuahirishe. Ikiwa ni boriti ya nyuma na ile mikono tu, mwanagenzi mwenye subira anaweza kazi hiyo akiwa na fundi mzuri wa kuchomelea. Ikiwa zile nguzo mbili ndefu zenyewe zimetoboka hapa na pale, viraka havitakuponya. Hapo ni kutafuta chesisi nyingine au kumuuzia gari mwenye uwezo huo, na kumwambia ukweli wa hali yake. Kwa maoni yangu kuuza si aibu. Linalosikitisha ni kulifungua gari zima, pesa zikaisha, karo ikafika, na urithi wa mzee ukageuka rundo la vyuma ambalo wauza skrapu wanalipigia hesabu.

Jambo la nambari pia si dogo. Katika Series III nambari ya chesisi hugongwa mbele, upande wa kulia, karibu na pale springi inaposhikwa. Isugue kwa brashi ya waya uilinganishe na iliyo kwenye logibuku. Kipande hicho kisikatwe ovyo, kwani bila nambari utapata taabu kuthibitisha kwamba gari ni lako. Kama utabadilisha chesisi yote, waone NTSA kabla ya kuanza kazi. Na kama logibuku bado ina jina la marehemu, malizeni mambo ya mirathi kwanza. Ndugu aliyenyamaza gari likiwa kuukuu huenda akapata sauti likishang'aa.

Baada ya hapo, fungua. Toa betri, kisha tangi la petroli, ulipeleke mbali na moto wowote. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu ya mvuke uliobaki ndani. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kila kitu, hata kile unachodhani huwezi kusahau. Bolti za kila sehemu zitie kwenye kopo lake na uandike jina. Nyingi zitakatika, na si neno, utanunua mpya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe wa Nairobi bado huiita Grogan. Bodi ya nyuma wanaume wanne huibeba. Kuwa mwangalifu na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na viti, kwani nao huoza miguuni. Watoto wakae mbali: vumbi la breki za zamani huenda lina asibesto, na rangi ya kale yaweza kuwa na risasi. Vumbi hilo lilowanishe maji, usilipulize.

Chesisi ikibaki peke yake, iweke juu ya stendi nne na uisawazishe kwa mpira wa maji, kama mwashi anavyosawazisha msingi wa nyumba. Kisha pima mshazari: kutoka bolti ya springi ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, chesisi imenyooka. Viandike ukutani. Tangu hapo sheria ni moja, kata kipande kimoja, chomelea kipya mahali pake, pima tena, ndipo uende kwa kingine. Anayekata boriti na mikono yote siku moja huona chesisi ikijipinda mbele ya macho yake. Mwambie fundi aanze kwa vidoa vidogo, upande huu na ule, maana moto huvuta chuma. Tena asipachike bamba jipya juu ya kutu. Bovu likatwe mpaka chuma kinachong'aa kionekane. Fundi akikuambia rangi itafunika, mlipe ya siku hiyo na utafute mwingine.

Mwisho osha ndani ya chesisi kwa maji ya nguvu mpaka yatoke meupe, iache ikauke kabisa juani siku kadhaa, na uzibue vile vitundu vyote. Nje ipate praima ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi nyeusi. Ndani mwage nta ya kuzuia kutu, uinamishe chesisi huku na huku isambae. Baadaye, kila alumini itakapoketi juu ya chuma, tia kipande cha mpira katikati, la sivyo unyevu utaila alumini na kuacha unga mweupe.

Usirudishe bodi bado. Mifereji ya breki hubadilishwa kwa urahisi chesisi ikiwa wazi, na hiyo ndiyo kazi yetu ya Jumapili ijayo.