RAM imefutwa, deni letu limebaki



Siku hizi kila wiki ina kashfa yake. Asubuhi tunasikia jina la kigogo fulani na mamilioni ya dola. Mchana picha yake imekwisha kuwekewa pembe na mkia, inazunguka katika makundi yote ya WhatsApp. Jioni tumekwisha kumcheka, tunangojea mwingine. Leo nataka nirudi nyuma kidogo, kwenye kashfa moja ambayo wengi wetu tuliilipia kwa mfuko wetu wenyewe, kisha tukaisahau: RAM.

Niwakumbushe wale waliofika kitivoni baadaye. RAM ni kifupisho cha Kifaransa, Registre des appareils mobiles, yaani daftari la simu za mkononi. Ilianza Septemba 2020. Kila simu ina nambari yake ya tarakimu 15 inayoitwa IMEI. Bonyeza *#06# utaiona mwenyewe. Serikali ilisema inataka kuandikisha nambari hizo ili simu za wizi na za bandia zifungiwe. Mwenye simu ya kawaida alitakiwa kulipa dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya 3G au 4G dola 7. Hakuna aliyepanga mstari mbele ya dirisha la ofisi. Pesa zilikatwa moja kwa moja ndani ya yunite, vipande vipande.

Wakati ule nilikuwa mwaka wa kwanza. Mama yangu mdogo anauza sambaza kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu. Alfajiri anampigia simu mtu wake wa Kalehe kuuliza kama mitumbwi imeleta kitu na bei ni ngapi, kabla wanunuzi wengine hawajaamka. Miaka mingi alitumia simu ndogo ya vitufe. Mwaka ule mwanawe alimnunulia simu ya kugusa, ya mtumba, ili atumiwe picha za samaki na kujionea mwenyewe kabla ya kukubali bei. Alifurahi sana. Hakujua kwamba kwa kubadili simu alikuwa ametoka kwenye kundi la dola 1 na kuingia kwenye kundi la dola 7, karibu franka 14 000 za wakati ule.

Asubuhi moja yunite alizotia usiku hazikutosha tena kupiga Kalehe. Siku chache baadaye ikawa vilevile. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemtengenezea ile simu, mtu wa kwanza kushukiwa nilikuwa mimi. "Mwanangu, kama ulikuwa na shida ya yunite ungeniomba," aliniambia mbele ya wauzaji wenzake. Kisha akanionyesha ujumbe ulioingia. Ulikuwa kwa Kifaransa, mistari michache tu, naye hakuuelewa. Nikamtafsiria wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mambo matatu: nani aliniuliza kama nakubali? Nani ameamua hivyo? Na simu hii ikiibiwa kesho, watanirudishia?

Sikuwa na jibu hata moja. Nikamwambia, "Mama, ni mambo ya serikali, tutalipa tu."

Jibu hilo linanichoma hadi leo. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi, mwalimu wangu angenipa alama nzuri. Lakini aliyeuliza kile kilichopaswa kuulizwa ni mama wa sambaza, na aliyemnyamazisha ni mwanafunzi wa lugha.

Tena majibu yalikuwepo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 174, inasema kwamba hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. RAM haikuanzia kwenye sheria iliyopigiwa kura Bungeni; ilianzia kwenye maamuzi ya serikali. Waliombiwa hivyo wakajitetea kwamba RAM si kodi, ni malipo ya huduma. Hapo ndipo sisi watu wa lugha tulipaswa kusimama. Kodi unalipa upende usipende, ndiyo maana Katiba inadai wawakilishi wako waipigie kura kwanza. Huduma unaiomba, usipoitaka, hulipi. Sasa malipo yanayokatwa bila kuombwa, na ambayo huwezi kuyakataa, yaitwe nini? Mama mdogo alikuwa amekwisha kuuliza swali hilo kwa Kiswahili chepesi: nani aliniuliza kama nakubali? Wabunge walikuja kulizungusha baadaye kwa Kifaransa kirefu.

Katiba hiyohiyo, ibara ya kwanza, inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaidai serikali izikuze bila ubaguzi. Lakini neno lililoingia katika mifuko ya watu lilikuwa herufi tatu za Kifaransa. Nimesikia sokoni watu wakidhani RAM ni jina la kampuni, wengine jina la mtu. Ni vigumu kupinga kitu ambacho hujui ni nini.

Nisije nikaonekana nadharau makelele ya mtandaoni. Yalisaidia. Vijana wa LUCHA na wengine walipinga, watu wakachora, wakaimba, wakatumiana vichekesho mpaka RAM ikajulikana kila mahali. Mwaka 2021 wabunge walimwita waziri ajieleze. Mwanzoni mwa 2022 serikali ilitangaza kuifuta. Huo ulikuwa ushindi, na kicheko kilikuwa na sehemu yake.

Tatizo ni kwamba kicheko kilikwisha siku ileile. Katika kundi letu la darasa tulitumiana picha za maziko ya RAM, jeneza na maua, halafu tukahamia kwenye kashfa nyingine. Hakuna aliyepiga hesabu hii ndogo: darasa la watu 100 wenye simu za 4G ni dola 700 kwa mwaka. Chukua kitivo, chukua chuo, chukua mji. Nani kati yetu alidai kuonyeshwa, kwa lugha anayoielewa mama yake, pesa hizo zilifanya kazi gani? Mimi sikudai. Nilikuwa nacheka na wenzangu.

Na simu si kitu cha mchezo kwetu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa muda wa karibu wiki tatu. Wenye mamlaka wanajua vizuri thamani ya kile tulichokishika mkononi. Koltani inachimbwa Rubaya, katika Kivu ya Kaskazini. Madini yake yanaenda mbali, yanarudi ndani ya simu ya mtumba inayouzwa Kadutu. Kisha juu ya simu hiyo tukakatwa yunite ili ijulikane kwamba ipo.

Nilipomweleza mwalimu mmoja mawazo haya, aliniambia kwa upole kwamba sisi ni kitivo cha lugha, mambo ya kodi tuwaachie wa sheria. Namheshimu, lakini sikubali. Wa sheria nao wanaandika kwa Kifaransa, kwa ajili ya wenzao. Kama sisi tunaojifunza Kiswahili miaka mingi hatuwezi kumweleza mwenye kibanda kitu kinachomkata pesa, basi tunajifunza Kiswahili ili tufanye nini nacho?

Pendekezo langu ni dogo. Kila tangazo la serikali linalogusa mfuko wa mwananchi likitoka, wanafunzi watano chini ya mwalimu mmoja watengeneze ukurasa mmoja wa Kiswahili na sauti ya dakika mbili ya kutuma kwa WhatsApp, maana wengi sokoni wanasikiliza kuliko kusoma. Yajibiwe maswali manne tu: nani analipa, analipa kiasi gani, kwa sheria ipi, na pesa zinaenda wapi. Pasipo jibu, isemwe wazi kwamba jibu halijatolewa. Kazi hiyo ihesabiwe kama kazi ya vitendo na ipewe alama. Itiwe jina la idara na tarehe, kwa sababu leo mashine inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote, na uongo unasafiri kwa Kiswahili kizuri kuliko tafsiri zetu.

Hivi karibuni mama mdogo alinitumia sauti moja iliyokuwa inasema kwamba RAM inarudi. Haikuwa na jina la msemaji wala tarehe. Safari hii sikumwambia tutalipa tu. Nilimwambia asiamini kabla hatujaona karatasi, na kwamba nitatafuta. Nilitafuta siku mbili peke yangu, sikuona karatasi yoyote, nikampigia kumwambia.

Alinishukuru. Kisha akasema wauzaji wenzake wote waliipata sauti hiyohiyo, na wao hawana mtoto chuoni. Akauliza kama hakuna mtu pale kwetu anayefanya kazi hiyo kwa ajili ya wote. Nilimjibu kwamba bado. Naomba mwaka ujao nisimjibu hivyo tena.