Inveta mbili nzima, waya mmoja mbovu

Inveta mbili nzima zilikuwa uvunguni mwa meza, kwenye karakana moja ya milango Keko, Dar es Salaam, zimetolewa kwenye mashine zikidhaniwa mbovu, zikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu. Nilizipima moja baada ya nyingine. Zote zinafanya kazi.

Niliitwa kwa sababu mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta ilikuwa ikiunguza mninga. Mota ya kukatia inanguruma kwa kupanda na kushuka, na maua ya mlango yanatoka na makovu meusi. "Fundi, hizi mashine za Kichina ndivyo zilivyo," mwenye karakana aliniambia. Nikamwomba, "Mzee, nipe nusu saa."

Kontrola ya mashine hiyo huiambia inveta, inayoilisha mota umeme, mwendo unaotakiwa kwa volti tu, kuanzia 0 hadi 10. Mota ile mwisho wake ni mizunguko 24,000 kwa dakika, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya kumi ya volti ni mizunguko 240. Ishara nyepesi namna hiyo, fundi aliyefunga mashine aliipitisha kwenye waya wa spika, akaulaza mita tatu nzima ndani ya trankingi moja na kebo ya mota. Inveta hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na vurugu hiyo huingia kwenye kila waya uliolala jirani. Mota ikiwa imezimwa, multimita ilisoma 5.00. Ilipowashwa, namba zikaanza kucheza: 4.8, 5.2, 4.9.

Nikaweka kebo ya nyuzi mbili zilizosokotwa, yenye shildi, yaani ganda la chuma linalozikinga na vurugu hiyo. Shildi niliifunga kwenye ethi upande wa kontrola peke yake. Ukiifunga pande zote mbili na ethi za pande hizo zikatofautiana, shildi yenyewe hubeba mkondo. Kebo ikapewa njia yake, sentimita 30 kutoka ya mota. Mngurumo ukatulia. Ua lililofuata lilitoka safi hadi mishipa ya majani.

Sikubaliani na wanaoziita mashine hizi takataka. Nyingi ninazoitiwa zinaumwa ufungaji. Fundi anabanwa bei mpaka anabana kwenye waya, kwa kuwa paneli ikishafungwa hakuna anayeuona. Inaniuma, maana mzee yule alilipia inveta mara mbili kwa kosa lisilo lake.

Wewe unayesubiri mashine yako itoke bandarini, itie kebo ya shildi kwenye hesabu kabla hujapatana na fundi. Na siku ya kukabidhiwa, mwambie afungue paneli akuonyeshe inapopita.