UCHAMBUZI: Anayelipia kumbukumbu asiwe na uwezo wa kuizima

MAPEMA Aprili 2025, watafiti, makavazi na watengenezaji filamu kote Marekani walipokea barua wakiarifiwa kwamba ruzuku walizokuwa wameidhinishiwa zimefutwa. Fedha hizo zilitoka kwa NEH, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1965 kufadhili taaluma za historia, fasihi, lugha na falsafa. Zaidi ya ruzuku 1,000 zilikatwa kwa mpigo mmoja.

Pigo hilo ni zito hasa kwa waandaaji wa dokumentari za mtandaoni zinazomshirikisha mtazamaji. Katika kazi hizo, mtu haketi tu akatazama. Hubonyeza ramani, huchagua ushahidi wa kusikiliza na hufungua barua na picha za kale kwa mpangilio autakao. Kazi moja humhitaji mwanahistoria, mpigapicha na mtaalamu wa kompyuta, na huweza kuchukua miaka. Kupitia mpango wake mmoja, NEH ilikuwa ikitoa hadi dola 30,000 za kubuni wazo, dola 100,000 za kuunda mfano wa majaribio na dola 400,000 za utengenezaji kamili. Soko haliwezi kutoa fedha hizo, kwani kazi hizo aghalabu hutazamwa bila malipo.

Kuna wanaohoji kwamba serikali iliyochaguliwa ina haki ya kubadilisha vipaumbele vyake. Ni kweli. Hata hivyo, mwezi huo huo NEH ilitangaza fedha za kuchonga sanamu za mashujaa wa Marekani. Hapo swali halikuwa tena uhaba wa fedha, bali ni kumbukumbu ya nani itakayolipiwa. Julai 2025, jaji mmoja wa New York alizuia kwa muda ufutaji wa ruzuku za kundi la waandishi, akiona kwamba huenda uhuru wao wa kujieleza ulikiukwa.

Kasoro ya pili ilijitokeza mapema zaidi. Dokumentari nyingi za aina hii ziliundwa kwa programu ya Flash, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Kazi zilizogharimu fedha nyingi zikawa hazifunguki tena. Wafadhili walikuwa wamelipia uundaji, wakasahau utunzaji.

Mkenya asiyaone haya kuwa ya mbali. Shirika la African Digital Heritage la Nairobi na Museum of British Colonialism, lililoanzishwa na Wakenya na Waingereza wa kujitolea, yametumia kompyuta kuunda upya taswira za kambi ambamo wakoloni waliwazuilia Wakenya katika miaka ya 1950, zikiwemo Mweru na Aguthi. Wakoloni waliteketeza nyaraka nyingi na kuficha nyingine, ambazo Uingereza ilikiri kuwa nazo mwaka 2011 wakati wa kesi ya wapiganaji wa Mau Mau. Ushahidi uliosalia umo vinywani mwa wazee waliopita miaka 80. Kila mzee anapoaga dunia bila kurekodiwa, ukurasa hufungwa, na hakuna ruzuku ya baadaye itakayoufungua.

Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Aidha, tunayo Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Bunge linaweza kutenga kwa sheria fungu dogo la kazi hizi, lisimamiwe na bodi huru ya wanahistoria na wahifadhi wa nyaraka, na kila mradi utengewe fedha za utunzaji na nakala yake iwekwe katika hifadhi ya kitaifa. Wafadhili wa nje wakaribishwe, ila wawe nyongeza.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Marekani imetuonyesha kwamba hata cha serikali yako mwenyewe hakitegemeki iwapo sheria haikilindi.