Alikejeliwa darasani, leo anaishi kwa kuongea: Somo la Steve Harvey kwa mzazi wa mtoto mwenye kigugumizi

Yupo mtoto anayejua jibu lakini hanyooshi mkono darasani. Akitumwa dukani hurudi mikono mitupu, si kwa kuwa sukari imekwisha, bali neno lilimgomea mdomoni na wateja waliokuwa nyuma yake wakaanza kucheka. Nyumbani anasifiwa kuwa mpole. Huenda si upole. Mtoto huyo ana kigugumizi, na ameshajifunza kwamba anayenyamaza hachekwi.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo ana sababu ya kuifuatilia safari ya Steve Harvey, mchekeshaji na mtangazaji wa Marekani ambaye video zake hazikauki kwenye simu zetu. Ni yule mwenye upara, masharubu mazito na suti zinazong’aa, anayekodoa macho mshiriki wa Family Feud anapotoa jibu la ajabu. Wengi wanaomcheka hawajui kwamba mtu huyo, ambaye kila senti yake imetokana na kuongea, alikulia katika kigugumizi kikali.

Mtoto wa mchimba makaa

Jina lake kamili ni Broderick Stephen Harvey. Alizaliwa Januari 17, 1957 huko Welch, mji wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, akiwa wa mwisho katika familia ya watoto watano. Baba yake alikuwa mchimbaji na mama alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Baadaye familia ilihamia Cleveland, Ohio, na huko ndiko alikosomea.

Tukio ambalo amelisimulia mara nyingi lilitokea akiwa darasa la sita. Mwalimu aliwataka wanafunzi waandike kwenye karatasi kile wanachotaka kuwa wakikua. Harvey aliandika kwamba anataka kuonekana kwenye televisheni. Kwa masimulizi yake, mwalimu alimwita mbele ya wenzake na kumkejeli, akimuuliza ni nani shuleni pale au mtaani kwao aliyewahi kuonekana kwenye televisheni. Kisha taarifa ikapelekwa nyumbani kwamba mtoto analeta utani darasani.

Kilichofuata nyumbani ndicho cha kumfikirisha mzazi. Baba hakuona kosa katika alichoandika mwanawe. Alimwambia karatasi ile aiweke kwenye droo yake, aisome kila asubuhi akiamka na kila usiku kabla ya kulala. Baba huyo hakuwa daktari wala hakuwa na fedha za kumtafutia mtoto mtaalamu. Alichofanya ni kukataa kuungana na waliomcheka.

Barabara haikunyooka

Harvey hakufika kwenye televisheni haraka. Aliacha chuo, akafanya kazi kiwandani, akauza bima na kusafisha mazulia. Mwaka 1985 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kuchekesha, huko Cleveland, tayari akiwa na familia. Miaka ya mwisho ya 1980 ilimkuta hana makazi. Alilala ndani ya gari lake, akioga kwenye vyoo vya vituo vya mafuta na popote alipopata maji, huku akizunguka kutafuta mahali pa kuchekesha.

Mwaka 1993 mambo yalianza kugeuka. Alipata kazi ya kuongoza It’s Showtime at the Apollo, kipindi cha vipaji kutoka ukumbi maarufu wa Apollo, New York. Mwaka 1994 akapewa tamthilia ya vichekesho iitwayo Me and the Boys, akiigiza baba mjane anayelea watoto wa kiume. Haikudumu. Mwaka 1996 ikaja The Steve Harvey Show, ambamo aliigiza mwanamuziki aliyepungukiwa umaarufu na kuishia kufundisha muziki sekondari jijini Chicago. Hiyo ilidumu hadi 2002. Mtoto aliyekejeliwa na mwalimu akapata umaarufu kwa kuigiza mwalimu.

Katikati ya kazi hizo akaingia redioni. Kwa mtu mwenye historia ya kigugumizi, redio si mahali pepesi. Msikilizaji hakuoni uso, ishara ya mkono haikusaidii, na kimya cha sekunde chache tu kinamfanya mtu adhani redio yake imeharibika. Harvey ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, kila asubuhi ya siku za kazi, kupitia The Steve Harvey Morning Show inayorushwa na vituo vingi nchini Marekani. Humo husomwa barua za wasikilizaji kuhusu mapenzi na ndoa, mada ambazo pia alizigusa katika kitabu chake cha mwaka 2009, kilichotengenezewa filamu mwaka 2012.

Tangu 2010 anaongoza Family Feud, na mwaka 2020 mchezo huo ulianza kurushwa Afrika Kusini na Ghana, yeye mwenyewe akiwa mwongozaji.

Ulimi wake pia umewahi kumponza hadharani. Desemba 2015, kwenye fainali ya Miss Universe, alimtangaza mrembo wa Colombia kuwa mshindi badala ya wa Ufilipino. Taji lilikwisha kuvikwa. Alirudi jukwaani mwenyewe, akasema kosa ni lake na akaomba radhi mbele ya dunia nzima. Mashindano yaliyofuata alikuwepo tena na kipaza sauti mkononi.

Kigugumizi ni nini hasa?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Kigugumizi hakitokani na ulimi mfupi, na kukata ngozi ya chini ya ulimi hakukitibu. Hakitokani na mtoto kutekenywa sana, wala hakiambukizwi kwa kumwiga mwenye nacho. Hakimaanishi kwamba mtoto ana akili ndogo. Wataalamu wanakihusisha na namna ubongo unavyopanga na kuratibu matamshi, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Malezi mabaya hayakisababishi, hivyo mama na baba hawana haja ya kutupiana lawama. Lakini namna nyumba inavyokipokea inaweza kumpunguzia mtoto mzigo au kumwongezea.

Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5, wakati mtoto anajifunza maneno mengi kwa mpigo. Anaweza kurudia silabi, kama “ma-ma-ma-maji”, kuvuta sauti, “ssssamaki”, au kukwama kabisa, mdomo wazi na sauti haitoki. Takriban watoto 5 katika kila 100 hupitia hali hii, na wengi wao huachana nayo kadiri wanavyokua. Kwa watu wazima inabaki kwa takriban mtu 1 katika kila 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake.

Kwa kuwa wengi hupona, jamaa watasema, “Mwacheni, itaisha yenyewe.” Mara nyingi ni kweli. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kumtazama mtoto mmoja na kuapa kwamba yeye yumo kati ya watakaopona. Muone mtaalamu endapo hali imedumu zaidi ya miezi 6, ikiwa kuna ndugu mwenye kigugumizi, au ikiwa mtoto anakaza uso, anapepesa macho na kupiga mguu chini ili neno litoke. Dalili ya kuchukuliwa kwa uzito zaidi ni mtoto kuanza kukwepa: anabadilisha maneno, anamwachia mdogo wake amsemee, hataki kupokea simu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Kwa kawaida hospitali kubwa zenye kitengo cha masikio, pua na koo ndizo za kuulizia.

Kazi inayoanza nyumbani

Yapo mambo ambayo mzazi anaweza kuyaanza leo, bila kulipa chochote.

Kwanza, mpe muda amalize. Usimalizie sentensi yake hata kama unajua anakoelekea. Ukimmalizia, umemwambia kwamba hawezi.

Pili, acha kumwambia “tulia”, “vuta pumzi” au “anza upya”. Maneno hayo yana nia njema, lakini yanamkumbusha kwamba anakosea. Badala yake, punguza mwendo wako mwenyewe. Mzazi anayeongea polepole humpa mtoto nafasi ya kuongea polepole bila kuamriwa.

Tatu, mtazame usoni na usikilize anachosema, si namna anavyokisema. Akikuambia kuhusu mbwa aliyemkimbiza, muulize habari za mbwa.

Nne, tenga hata dakika 5 kwa siku za kuwa naye peke yake, simu ikiwa pembeni. Nyumba yenye watoto wengi ni kama sokoni, mwenye sauti ndiye anayesikika. Wekeni utaratibu wa kupeana zamu.

Tano, nenda shuleni. Mweleze mwalimu kwamba mtoto ana kigugumizi, na mkubaliane namna ya kumwuliza maswali na kumsomesha kwa sauti bila kumwaibisha. Kejeli ya mwalimu huwapa wanafunzi wengine kibali cha kucheka.

Mwisho, kitaje kwa jina lake. Mtoto akisema, “Maneno yananigomea,” mwambie kwamba unaona, kwamba ni kigugumizi, kwamba wapo wengi wenye nacho na si kosa lake. Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani, amekulia katika kigugumizi na amekizungumzia waziwazi.

Lengo si kumgeuza kila mtoto mtangazaji. Harvey hupenda kuwaeleza watu mbinu yake ya kujisemea maneno kimoyomoyo kabla ya kuyatamka. Ilimsaidia yeye, lakini inaweza isimfae mwingine, na wapo wanaobaki na kigugumizi maisha yao yote huku wakifundisha, wakiuza duka na kulea familia vizuri kabisa. Kinachomwangusha mtoto mara nyingi ni kunyamaza, kwa kuwa mwenye kunyamaza haulizi swali darasani na hasemi anapoumwa au anapoonewa.

Harvey amesimulia kwamba alipokwisha kuwa maarufu, kila Krismasi alimtumia yule mwalimu televisheni, ili amwone. Watu hucheka anaposimulia hivyo. Lakini kwa mzazi, zawadi yenye uzito zaidi ni ile ya baba mchimba makaa: karatasi moja kwenye droo, na mtu mzima mmoja aliyeiamini. Leo jioni mwanao akikwama kwenye neno, mngoje. Litatoka.