Pole si Fidia: Mjenzi wa Litein na Lugha ya Haki Yake

Ajali haina kinga, walinena wahenga, na aghalabu methali hiyo ndiyo inayotangulia kusemwa fundi anapoanguka kutoka orofani. Huitamka mwenye nyumba, huitamka msimamizi, na mara nyingi huitamka majeruhi mwenyewe. Si ajabu. Neno ajali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako humaanisha muda uliopangwa, hasa muda wa mtu kuondoka duniani. Anayelitumia, apende asipende, hubeba pia harufu ya majaaliwa. Na majaaliwa hayadaiwi fidia. Sheria ya Kenya, hata hivyo, haikubaliani na methali hii. Kwa mujibu wa sheria, ajali ya kazini ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mwajiri.

Mji wa Litein, ulio katika eneo la Bureti, Kaunti ya Kericho, kando ya barabara itokayo Kericho kuelekea Sotik, ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Huku ni kwa wakulima wadogo wa chai. Huuza majani mabichi kwa viwanda vilivyo chini ya KTDA, hulipwa kiasi kila mwezi, kisha husubiri malipo ya mwisho wa mwaka wanayoyaita bonasi. Bonasi ikitoka, mawe hununuliwa, saruji hupakuliwa na mafundi huitwa. Milingoti ya mikaratusi, miti ileile inayochochea moto wa kukaushia chai viwandani, hupigiliwa misumari ikawa jukwaa la kusimamia waashi. Mvua hunyesha katika nyanda hizi karibu mwaka mzima, na mti uliolowa huteleza.

Katika mpango huo mkulima hugeuka kuwa mwajiri bila kujijua. Hana ofisi, hana karani, wala hana mkataba hata mmoja wa maandishi. Ana fundi aliyemwamini, na fundi huyo ana vijana wake wa kubeba mawe na kukoroga mchanga, ambao hulipwa jioni na kurudi nyumbani. Kijana akivunjika uti wa mgongo, mwenye nyumba hufika hospitalini na matunda, husema pole, huacha pesa kidogo za dawa. Baadaye ndugu na majirani huitisha mchango ili kulipa deni la hospitali. Watu wote hujiona wamefanya utu, na kwa hakika wamefanya. Lakini ukitazama kwa makini, utaona kwamba jirani maskini amelipa deni ambalo sheria ilikuwa imemtwika mwingine.

Sheria yenyewe ni ya mwaka wa 2007. Ni Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, iliyozoeleka kwa kifupi cha Kiingereza WIBA, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 2008 na kuiondoa sheria ya kale ya fidia iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Kiini chake ni chepesi kueleza. Mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba ajali ilitokea kwa sababu ya kazi na wakati wa kazi. Ukaidi wa makusudi ndio unaoweza kumnyima fidia, na hata huo haumnyimi iwapo amepata ulemavu mkubwa au amefariki. Gharama za matibabu, dawa na usafiri wa kwenda hospitalini ni za mwajiri. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa kwa vipindi hadi miezi 12. Akipata ulemavu wa kudumu usiombakishia uwezo wowote wa kufanya kazi, fidia ni mapato ya miezi 96; ulemavu ukiwa wa sehemu, hukadiriwa kwa asilimia ya hayo. Aidha, kila mwajiri anatakiwa awe na bima ya kugharimia mambo haya.

Chukua mfano wa kubuni. Kibarua anayepata shilingi 600 kwa siku, akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, ana mapato ya shilingi 15,000. Daktari akikadiria kwamba amepoteza asilimia 30 ya uwezo wake, hesabu ni 15,000 mara 96, kisha asilimia 30 ya jumla hiyo, yaani shilingi 432,000. Kiasi hicho kiweke kando ya matunda na pesa za dawa.

Kuna wanaodai kwamba kibarua wa kutwa hana mkataba, na kwa hiyo hana haki. Dai hili limeenea mno, ilhali msingi wake ni dhaifu. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo wa 2007 inautambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi. Tena inaeleza kuwa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Nyumba ya mawe ya orofa moja haijengwi kwa wiki mbili. Hata taarifa ya ajali, mlango wa kwanza wa madai, yaweza kutolewa kwa mwajiri kwa mdomo. Sheria hii, kwa jinsi ilivyoundwa, haimtaki majeruhi awe msomi.

Basi kwa nini haki haifiki? Jibu rahisi ni kwamba waajiri ni wabaya. Wapo walio wabaya, lakini jibu hilo halitoshi kwa Litein, ambako mwajiri na majeruhi yamkini husali kanisa moja na kuchuma chai bonde moja. Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba pande zote mbili hazijui, na hazijui kwa sababu maarifa haya yamefungiwa katika Kiingereza cha mawakili. Mwenye nyumba hajui kwamba anapaswa kuiarifu ofisi ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku saba, au katika saa 24 ikiwa mtu amefariki. Majeruhi hajui kwamba madai yake yanatakiwa yawasilishwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali. Miezi 12 ni mingi kwa anayejua anachokihesabu. Kwa aliyelala kitandani akingoja mwenye nyumba ajisikie vibaya, hupita kama upepo.

Ujinga huu umekuwa wa hatari zaidi tangu mwaka wa 2019. Sheria ya 2007 ilikuwa imemzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake mahakamani moja kwa moja, ikamwelekeza kwa Mkurugenzi. Chama cha Mawakili kikapinga, na mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ikavibatilisha baadhi ya vifungu. Mahakama ya Rufani ikavirejesha vingi vyavyo mwaka wa 2017, kisha Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala Desemba 2019 kwa kuikubali njia ya Mkurugenzi. Zamani majeruhi aliyekuwa na bahati angekutana na wakili ambaye angeibeba kesi yote mabegani. Sasa njia ya kwanza ni fomu, cheti cha daktari na ofisi ya serikali. Asiyeridhika na uamuzi hupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo katika siku 60, na rufaa huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Njia hii ni fupi na haina gharama kubwa. Ila humdai msafiri ajue kusoma vibao.

Umuhimu wake umedhihirika papa hapa katika nchi ya chai. Wachumaji wa mashamba ya James Finlay huko Kericho, waliodai kwamba migongo na viungo vyao viliharibiwa na kazi, waliifikisha kampuni hiyo iliyosajiliwa Scotland mbele ya mahakama ya Edinburgh. Kampuni ilikana. Mwaka wa 2023 majaji wa rufaa wa huko waliisimamisha kesi ili madai yashughulikiwe kwanza chini ya sheria ileile ya Kenya ya 2007. Watu wamevuka bahari na kurejeshwa kwenye fomu iliyo mjini kwao. Na hao ni wafanyakazi wa kampuni kubwa, wenye orodha za mishahara na chama cha kuwatetea. Mjenzi wa Litein hana hata daftari la mahudhurio, ila lile la nyapara, ambalo hutupwa jengo linapokwisha.

Yupo atakayeuliza: je, mkulima aliyejenga kwa bonasi atatoa wapi shilingi laki nne? Swali hili ni la haki, na wanaharakati hulikwepa. Kumfilisi maskini mmoja ili kumponya mwingine si ushindi. Hiyo ndiyo sababu ya bima, ambayo hugawa mzigo kabla haujaanguka. Tanzania ilichukua njia nyingine: kwa sheria ya mwaka wa 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri huuchangia na majeruhi hulipwa kutoka humo, badala ya kumtegemea mwajiri mmoja na bima yake. Mfuko nao huwafikia kwa urahisi zaidi waajiri waliosajiliwa, si mwenye kujenga nyumba yake kijijini. Lakini huzungumza na watu wake kwa Kiswahili, na maneno kama ulemavu wa kudumu, mafao na mwajiri yameshapata makao katika vinywa vya wafanyakazi.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia, watake wasitake. Tangu mwaka wa 2010 Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Makongamano yameandaliwa kuisherehekea hatua hiyo, na istilahi za isimu zimejadiliwa hadi usiku wa manane. Wakati huohuo, kijana wa Bureti anayezungumza Kikipsigis nyumbani na Kiswahili kwenye mjengo hana ukurasa mmoja unaomweleza kwa lugha ya kazi yake afanye nini mkono wake ukikatika. Tafsiri ya sheria nzima yaweza kusubiri. Kinachohitajika kwanza ni karatasi moja: nani aarifiwe, katika siku ngapi, daktari aandike nini, na jina la shahidi lihifadhiwe wapi.

Karatasi hiyo haitaandikwa vyema maktabani peke yake. Mwanafunzi atalazimika kwenda nayo kwenye jengo, wakati wa chai ya saa nne, awasomee mafundi na vibarua, na kufuta kila neno litakalowafanya watazamane. Wao wanajua kilichovunjika kinaitwaje. Nakala ya pili iachwe kwa mwenye nyumba, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, naye aulizwe kama ameshakwenda kwa wakala wa bima.