Mjomba, mimi nitabeba tu

Katika mvua za Aprili nilikwenda Kimulot, kaunti ya Bomet, kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko. Wanaoijua sehemu hiyo wanajua kwamba ukitoka Kericho mjini macho hayaoni ila chai. Chai kulia, chai kushoto, chai mpaka mlangoni mwa watu. Halafu chai hukoma ghafla na msitu wa Mau ukaanza, mweusi, umejifunika ukungu kama mgonjwa wa homa.

Matatu iliyonibeba ilinasa kwenye matope kilomita mbili kabla ya kufika. Tulishuka, tukavua viatu, tukamalizia safari kwa miguu. Kumbuka hayo matope, maana nitayarudia.

Jioni, tukiota moto jikoni, mpwa wangu wa miaka 19 alinionyesha vidio kwenye simu yake. Wazungu wawili katika milima ya Marekani walikuwa wamepanda zile pikipiki za magurudumu manne manene. Zilipita juu ya mawe, zikavuka mto, zikapanda mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Mwisho wa vidio dume la elk, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe kama matawi ya mti, lilikuwa limefungwa kwenye keria.

"Mjomba, hii ingefika hata kule juu msituni," akaniambia, macho yakimetameta.

Nilicheka. Nilidhani ni ndoto za ujana. Lakini dada yangu, aliyekuwa akichuja chai, hakucheka. Alisema bila kuinua uso: "Mwambie mjomba wako yale uliyoambiwa juzi stejini."

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema. Yeye ni mwendeshaji wa bodaboda. Pikipiki yake ilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha mama yake, na deni hulipwa kwa pesa za majani ya chai. Bado halijaisha. Juzi watu wawili asiowajua walimwomba awe akienda usiku ukingoni mwa msitu, achukue mizigo na kuifikisha barabara ya lami. Kwa safari moja angelipwa kuliko anachopata kwa wiki nzima. Hakuambiwa ni mizigo gani, na hakuuliza. Anayeishi kando ya msitu haulizi mambo kama hayo.

"Mjomba, mimi sitaua mnyama," alijitetea. "Mimi nitabeba tu."

Neno hilo "tu" lilininyima usingizi usiku ule. Leo nataka tuliongee, kwa sababu historia nzima ya gurudumu na mnyama wa porini katika nchi yetu imo ndani ya neno hilo dogo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja Kenya kuwinda pamoja na mwanawe Kermit. Walipotoka Kijabe kuelekea nyika iliyoitwa Sotik, jina ambalo leo tunalijua kwa mji ulioko Bomet, walisafiri na magari ya kukokotwa na ng'ombe, farasi na wapagazi. Mpaka safari yao ikaisha, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512. Hesabu hiyo Roosevelt aliichapisha mwenyewe katika kitabu chake. Ni wengi mno, hata kwa watu waliotembea kwa miguu na farasi. Hebu fikiri wangalikuwa na injini.

Injini haikukawia kuja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 matajiri walikuwa wakiingia Serengeti kwa motokaa na kuwapiga simba risasi wakiwa wamekaa kitini. Simba hawakujua kuikimbia motokaa, waliitazama tu. Denys Finch Hatton, ambaye mwenyewe alikuwa mwindaji wa kulipwa na kaburi lake liko milima ya Ngong, aliona aibu. Aliandika katika gazeti la The Times la London kulaani mauaji hayo. Huyo hakuwa mtu wa kuwaonea wanyama huruma ya kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu wakaue. Hata hivyo aliona kuna mpaka. Baadaye sheria za uwindaji za Kenya zilikataza kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari. Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaendelea, nako ni marufuku.

Sasa njoo mlimani. Huku kwetu gari lilifika mwisho wa njia likasimama. Katika misitu ya Mau, Aberdare na Mlima Kenya anaishi mnyama anayeitwa bongo. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam wasikasirike, jina lake ni hilo hilo! Ni mnyama mkubwa, dume hukaribia kilo 400 akinenepa, rangi ya udongo mwekundu, mwenye mistari myeupe kama kumi na zaidi ubavuni. Dume na jike wote wana pembe. Anapokimbia huinua kichwa na kulaza pembe mgongoni ili zisinaswe na mianzi. Ukimwona mzee wao, utakuta mgongoni manyoya yamekwisha mahali ncha za pembe zinapogusa.

Wawindaji wa kizungu walimtamani bongo kuliko karibu mnyama mwingine yeyote, na wengi walirudi kwao mikono mitupu. Katika safari ile ya 1909 Kermit alimpata, baba yake hakumpata. Land Rover, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka wa 1948, ilitosha kumfikisha mwindaji ukingoni. Baada ya hapo ilikuwa ni matope, upupu, mianzi na baridi. Mtu alitambaa kwa siku nyingi akifuata nyayo za mnyama aliyemsikia kabla yeye hajamwona.

Waogiek, ambao ndio wenyeji wa msitu huo, walimwinda bongo kwa njia zao. Walikuwa na mbwa, mikuki, mishale ya sumu na mitego. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu, na asali ilikuwa na thamani kama nyama. Asubuhi ya pili nilimtembelea mzee mmoja jirani ya dada yangu, ambaye ujanani alikimbia nyuma ya mbwa. Nilimsalimu "chamgei", akanipa kiti, nikamwuliza kilichowashinda mpaka hawakummaliza bongo zamani zile.

"Miguu," akasema.

Nikamwomba afafanue. Akaniambia kwamba bongo akifukuzwa na mbwa hakimbii mbali. Husimama, mara nyingi ndani ya kijito, akawatolea mbwa pembe. Mtu akifika hapo, mnyama amekwisha. Lakini kufika ndiyo kazi. Na ukimwua, nyama ile utaibeba mabegani, upandishe bonde, ushushe bonde. "Ulichukua ya kula nyumbani," akasema mzee. "Nani angebeba ya kuuza?"

Msomaji, hapo nilijibiwa swali ambalo sikuwa nimeuliza. Kumbe askari wa kwanza wa mnyama wa mlimani hakuwa na bunduki wala kofia. Alikuwa ni ugumu wa njia. Yale matope yaliyonitesa na viatu vyangu mkononi yalikuwa yakilinda roho nyingi kule juu.

Zile pikipiki za magurudumu manne zilibuniwa ili kumwondoa askari huyo. Honda ilianza kuuza za magurudumu matatu huko Marekani mwaka wa 1970, na mapema katika miaka ya 1980 Suzuki ikaleta za manne. Mwindaji ambaye zamani angepanda Milima ya Rocky siku nzima sasa hufika kwa saa moja, na nyama hairudi tena mabegani. Wamarekani wenyewe wameanza kusita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti huko Starkey, jimbo la Oregon, waliwavisha elk mikanda ya redio wakaona vile wanavyowakimbia watu. Waendeshaji wa pikipiki hizo waliwakurupusha zaidi kuliko waliotembea kwa miguu. Mwaka wa 2005 idara yao ya misitu iliamuru kila msitu uchore njia ambazo injini zinaruhusiwa, na nje ya hizo pasipitwe.

Sisi Kenya tulikwenda mbali zaidi. Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe na ngozi. Wengi walidhani bongo amepona. Lakini gurudumu halihitaji leseni ya kuwinda. Lilipitia njia za magogo, kisha njia za mashamba. Mwaka wa 2001 serikali ilitangaza kukata zaidi ya hekta 22,000 kutoka Mau ya Kusini Magharibi peke yake, na ng'ambo ya pili, Mau ya Mashariki, zaidi ya hekta 35,000. Njia ikifunguliwa kwa ajili ya viazi, hupitisha pia makaa, mbao, waya wa mitego na nyama. Mikanda ya chai ya Nyayo, iliyoanzishwa mwaka wa 1986 ili iwe kama ukuta kati ya watu na miti, imesaidia mahali pengi. Lakini ukuta hauna faida kama kuna mtu wa kuvusha mizigo usiku.

Leo bongo wa milima waliobaki porini duniani kote hawafiki mia moja, na wote wako Kenya. Wanafunzi wa darasa mbili tatu za shule ya jijini ni wengi kuwaliko. Bongo 18 walirudishwa kutoka Marekani mwaka wa 2004, na wengine 17 wakaletwa kutoka Florida Februari 2025, wajukuu wa wale waliochukuliwa zamani kutoka misitu yetu. Tumefikia hali ya kuagiza kwa ndege kile ambacho babu zetu walikikuta mtoni.

Sijui kama mizigo ile ya usiku ilikuwa bongo au nguruwe wa msituni. Mpwa wangu pia hajui. Hata hivyo nilimweleza kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haiulizi nani alishika mkuki peke yake. Kupatikana na nyama ya porini ni kosa. Na kwa mnyama aliye katika hatari ya kutoweka, sheria hiyo iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha. Pikipiki nayo mahakama yaweza kuitaifisha. Mama angebaki akichuna chai alfajiri hadi jioni kulipia pikipiki iliyo mikononi mwa serikali na mtoto aliye jela.

Lakini sikutaka aache kwa woga tu. Nilimpeleka kwa yule mzee, nikamwomba mzee arudie lile neno lake moja. Kijana akasikiliza. Kisha nikamwambia: "Wewe unasema utabeba tu. Zamani hakukuwa na wa kubeba, ndiyo maana mnyama alibaki. Mwenye mtego bila mwenye pikipiki hupata kitoweo. Akimpata mwenye pikipiki, anapata biashara. Wewe ndiye miguu."

Hakunijibu. Tulirudi nyumbani kimya, tukakaa watatu na daftari la chama. Tulihesabu deni lote, na dada yangu akakubali kuwaomba wenzake waongeze miezi minne. Mimi nami nilitoa kidogo nilichokuwa nacho, maana ushauri bila senti ni kelele. Kijana atakuwa akibeba maziwa asubuhi, na jioni abeba abiria kama kawaida. Fedha ni chache. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na yeye alikuwa amekwisha kuukaribia ukingo.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Aliwaambia wale watu kwamba hataweza. Hawakugombana naye, wala hawakumbembeleza. Walivuka barabara, wakazungumza na kijana mwingine wa stejini. Usiku ule mpwa wangu alisikia pikipiki ikipanda kuelekea msituni, akaitambua kwa mlio wake.

"Ni rafiki yangu, mjomba," akasema. "Na yeye ana mkopo."

Nimemwambia aende akamtafute, na amchukue yule mzee waende pamoja. Kama wewe unayenisoma asubuhi hii hapa jijini una mpwa, mdogo wako au mtoto wa jirani mwenye pikipiki kule kandokando ya Mau, mpigie simu leo. Usimwulize kuhusu wanyama kwanza. Mwulize deni limebaki kiasi gani.