Maji Kwanza, Miche Baadaye

Ingia nyumba kongwe ya Mji wa Kale, uinue macho. Dari imebebwa na boriti, na boriti hizo zimetoka kwenye mikoko. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti. Yaani mji huu umepimwa na mikoko. Leo tukiulizwa tunailipaje fadhila, jibu ni lilelile: tisheti mpya, miche, picha, kila mtu kwao.

Jamani, nimechoka na hizo picha.

Sisemi usipande mti. Nasema tunapanda kabla ya kuuliza mti wa kwanza ulikufa kwa nini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope hadi hori la Mwache, magharibi mwa kisiwa, likafukia mizizi ya mikoko. Mizizi ile ndiyo pua ya mti. Ukiiziba, mti unakufa umesimama. Sasa uje uchomeke mche papo hapo, tope likiwa bado linashuka, unategemea nini?

Kila aina ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele, uso kwa uso na bahari. Mkoko wenyewe hufuata, kisha mkandaa. Mchu huvumilia hata kule nyuma penye chumvi kali, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Lakini sisi tunachomeka mkoko popote, kwa sababu mche wake ni rahisi kuokota. Tunaona tope tupu tunafurahi, kumbe pana sababu ya kuwa tupu.

Rwanda haina bahari, ila ina somo. Kinamasi cha Rugezi kimelalia tabaka nene la mimea iliyokufa ambayo haikuoza yote, kwa kuwa ilizama majini. Watu wakachimba mitaro ili walime. Maji yakakimbia. Ukame ulipozidisha, Ziwa Burera likashuka, na kufikia 2004 mtambo wa umeme wa Ntaruka ukayumba. Serikali ikakomesha kilimo na mitaro kinamasini. Maji yaliporudi, mafunjo na nyasi navyo vikarudi. Tusifiche: wakulima walioondolewa ndio waliobeba gharama.

Utaniambia, "Kwani sisi tuna mitaro ya kuziba?" Hatuna. Kwetu kazi ni kinyume: kufungua njia ya maji kujaa na kupwa, kuzuia udongo unaoshuka kutoka mashambani, na kukomesha majitaka yanayomwagwa hori la Tudor. Na tusiwabebeshe gharama wanaokata kuni huko kwa kukosa gesi. Hayo yakifanyika, na miti mama ikiwa karibu, mkoko huangusha miche iliyokwisha kuchipua ikiwa bado mtini, maji yakaibeba na kuipanda bure.

Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa sikukuu ya kupanda miti, lengo miche milioni 100. Haya, hesabu ya kupanda tunaijua. Hesabu ya iliyo hai anayo nani?

Basi siku ukialikwa, vaa tisheti, nenda. Ila kabla hujainama, muulize mwenyeji: maji yanafika hapa siku ngapi kwa mwezi? Asipojua, usichomeke kitu.